Marufuku Isiyo na Barua

Mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu hauna breki. Mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa, na ndugu zake wakalijua siku ya kwanza tu. Basi dada yake alipohamia chumba chetu cha nyuma, majirani walitega masikio wakisubiri lini tutashikana mashati. Wasubiri sana! Wifi yangu hagombani. Ukimrushia neno anakutazama, anafuta miwani kwa upindo wa gauni, kisha anakuuliza kama chai imeiva. Utafanya nini na mtu wa namna hiyo? Nikambandika jina tu, Bi Marufuku, na likashika mpaka kwa mwenye duka la kona.

Jina lilitokana na kazi yake. Yuko forodhani, lakini usidhani ni wale wenye sare wanaofungua mabegi ya watu. Yeye ni wa ghorofani, chumba chenye meza tatu na feni inayolalamika. Siku moja nilimpelekea gauni alilonishonesha, nikamkuta ameinamia kompyuta, nikamwuliza kutwa nzima anafanya nini hapo. Akanieleza kwa mfano wa kazi yangu mwenyewe.

"Wewe kila kitambaa unakibandikia kikaratasi kwa pini: cha nani, vipimo gani, mikono mirefu au mifupi. Sasa hapa kila bidhaa ina namba yake, na kwenye hiyo namba sisi tunabandika vikaratasi vyetu. Kimoja kinasema ushuru ni kiasi gani. Vingine havihusu ushuru kabisa. Hiki kinasema mzigo usipite bila kibali cha wizara, hiki kinasema ukaguliwe kwanza, hiki kinasema marufuku kuingia. Mzigo ukifika, mfumo unasoma vikaratasi na kuamua. Hauulizi mtu."

"Na mkikibandika pasipo pake?"

"Mzigo wa mtu unakwama, na hakuna atakayemwambia kwa nini. Wote wataamini mfumo."

Aliyasema hayo huku akilikagua pindo la gauni lake. Mimi nilicheka, nikamwambia kumbe anakula mshahara wa kubandika karatasi. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile mwili unanisisimka.

Shingo yangu ilianza kuvimba upande mmoja. Kwanza nilidhani ni kuinamia cherehani. Wateja walipoanza kuniangalia shingoni badala ya kuangalia nguo zao, nikaenda hospitali. Sitawachosha na vipimo. Ilikuwa saratani ya tezi. Daktari akaniambia nikitaka kuugua saratani basi hiyo ndiyo ya kuchagua, maana inatibika, na mimi nikamwambia achague yeye basi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Wakanipasua. Tezi yote ikatolewa, lakini mabaki madogo yalibaki mahali ambapo kisu hakifiki, na hayo mabaki ndiyo yenye ubaya. Dawa yake ni kidonge kimoja cha mionzi. Unakimeza, kinaenda chenyewe kuyatafuta na kuyaunguza. Zamani wagonjwa walipelekwa nchi za watu kwa ajili ya kidonge hicho, na asiye na uwezo alikaa nyumbani na ugonjwa wake. Sasa hospitali yetu ilikuwa imejenga chumba chenye kuta nene, na mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Lakini kidonge hicho kina tabia zake. Kinaletwa kwa ndege ndani ya kasha zito la madini ya risasi, na kila siku inayopita kinapungua nguvu, umekimeza hujakimeza. Hakiwekwi akiba. Na ili yale mabaki yawe na njaa ya kukipokea, mgonjwa lazima kwanza aache vidonge vya kila siku, vile vinavyofanya kazi ya tezi iliyotolewa.

"Utajisikia vibaya kidogo," daktari akasema.

Kidogo! Madaktari wana kidogo yao. Baada ya wiki chache nilikuwa navaa sweta saa sita mchana. Vidole na uso vilinivimba mpaka pete na kioo nikaviacha vyote. Mikono mizito, sauti imekauka, na maneno, mimi wa maneno, yakawa yananijia kwa kuchelewa. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano huku nasahau nashona nini. Mteja mmoja alinikuta nimelala juu ya suruali yake, akaichukua ikiwa na mguu mmoja, akaondoka bila kuniamsha. Nilijikaza kisabuni. Nilijiambia kasha likija, yote haya yatakwisha.

Kasha likaja. Mfamasia wa hospitali akanipigia simu kwamba limeshuka uwanja wa ndege, nijiandae. Kesho yake akanipigia tena, sauti imebadilika. Limezuiwa kwenye ghala la forodha. Wakala aliyetumwa kulitoa kahangaika siku nzima na vibali vyake vyote halali mkononi, na kila akiingiza maombi, mfumo unamrudishia neno moja: marufuku.

Wifi aliporudi kazini nilikuwa nimemngoja mlangoni. Sauti sina, lakini hasira ninayo.

"Huo mfumo wenu una akili kweli? Dawa ya mgonjwa mnaipiga marufuku? Mnataka nife ndipo mridhike?"

"Dawa gani, wifi?"

"Ya kwangu! Ya shingo! Imekaa huko kwenu inaoza!"

Alikuwa ameshika kikombe cha maji. Akaniuliza hati za mzigo zimeandikwa bidhaa namba gani. Nikamwonyesha ujumbe wa mfamasia kwenye simu. Akaisoma ile namba, akafuta miwani, akaisoma tena. Kisha akakiweka kikombe chini polepole sana, akasema, "Ngoja kesho asubuhi."

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu, wifi."

Hakula. Nilimsikia akizunguka chumbani kwake. Mimi huyo huyo niliyezoea kumtania, nilikaa kitandani nikiogopa kumwuliza, maana nilimjua. Mtu huyu hazunguki chumbani kwa jambo la wengine.

Kesho yake alirudi mchana, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akavuta kigoda mbele ya cherehani yangu, akakaa, akanieleza bila kunificha kitu. Nami nitawaeleza alivyonieleza.

Pale ofisini, wizara ikileta katazo jipya, lazima kwanza walijaribu, waone kama linauma. Kuna mfumo wa kujaribia, lakini siku zote umekufa au umelala. Kwa hiyo walishajizoesha kujaribia kwenye mfumo wenyewe wa kazi. Wanachagua bidhaa ambayo haijawahi kuingia nchini, wanaibandikia katazo, wanaandika maombi ya uongo ya mzigo usiokuwepo, wakiona yamekataliwa wanafurahi, wanalifunga katazo, basi. Bidhaa ya namna hiyo wanaiita bubu. Kila mmoja ana bubu wake. Wa wifi yangu alikuwa dawa za mionzi. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile hakuna aliyewahi kuziagiza.

"Na safari hii ulisahau kulifunga," nikasema.

"Nililiweka, mkuu wangu akalipitisha, maana kwetu mmoja huweka na mwingine hupitisha. Likauma vizuri. Ndipo simu ikaita. Ilikuwa hospitali. Ulikuwa mezani unapasuliwa, damu imepungua, wanataka ndugu wa kutoa. Niliinuka nikakimbia, wifi. Kompyuta niliiacha hivyo hivyo."

Nilimwangalia. Nilijua alinitolea damu, alikuwa amekuja na plasta mkononi na nikamshukuru vizuri kabisa. Sasa nilitaka kumshukuru tena, na kilichotoka kikawa kingine.

"Sikukuomba damu yako!"

Akainamisha kichwa. "Najua."

"Ulirudi kazini kesho yake! Ukakaa hapo hapo! Hukuona?"

"Sikuona. Sikutazama tena. Nilikuwa nawaza wewe utaamka lini."

Jamani, nilitamani kumpiga na kumkumbatia, na mikono haikuwa na nguvu ya kufanya hata kimoja. Nikaendesha cherehani bila kitambaa ndani, nikitoboa hewa.

Nikamwuliza basi kwa nini asilifunge sasa hivi, kama ni kubonyeza tu. Akasema kulifunga si kubonyeza tu. Kila katazo kwenye mfumo lina barua yake ya wizara. Hili halina barua, mahali pa namba ya barua alijaza sifuri tupu, kama wanavyofanya wote wanapojaribu. Sasa limeshazuia mzigo wa kweli. Katazo lililozuia mzigo halifutiki. Linafungwa kwa barua, na barua ya kuliweka haipo, itatoka wapi ya kulifunga? Alikuwa amekwenda kwa mkuu wake asubuhi ile na kumweleza yote. Mkuu alinyanyuka akafunga mlango.

"Unajua nimepitisha mimi," mkuu akamwambia. "Wakaguzi wakiona sifuri hizo watauliza zipo ngapi. Unajua zipo ngapi?"

Wifi hakujua. Anajua za kwake tu. Mkuu akasema tulia, kamati inakaa wiki ijayo, litazungumzwa kwa upole. Wifi akamwambia kwamba kule ghalani kuna dawa inayokufa. Mkuu akasema, basi andika kwamba uliliweka wewe, kwa kosa lako, na ofisi haikujua. Uandike hivyo, nami mzigo huu nitautoa leo kwa ruhusa ya mara moja.

"Ukaandika?"

"Niliandika."

"Lakini yeye si alipitisha!"

"Wifi, kamati ni wiki ijayo."

Akaandika, akatia saini, na mkuu akashika ahadi yake, tumpe haki yake. Mzigo ukatoka jioni. Kitambulisho cha wifi kikachukuliwa, jina lake likafungwa kwenye mfumo, akaambiwa akae nyumbani uchunguzi ukiendelea. Alibeba vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: kikombe, shali ya kujikinga na feni, na kalenda ya mezani.

Mimi nilikwenda hospitali na begi langu dogo. Nilikuwa na kandambili mpya na nguo nisizozijali, maana walisema kila nilichovaa humo ndani kitabaki. Mtaalamu wa mionzi akafungua kasha nyuma ya kioo kizito, akakipima kidonge kwa mashine, akapima tena, akamwita daktari. Walikuwa wanaongea chini kwa chini. Hakuna kitu kibaya kama madaktari wawili wanaoongea chini kwa chini huku wamekupa mgongo.

"Hakikutoshi," daktari akasema alipogeuka. "Kimekaa mno. Kwa ugonjwa wako tukikupa hiki tutakuwa tumeyakwaruza tu yale mabaki."

Kikaenda kwa mwanamke mwingine, mwalimu wa shule ya msingi. Tezi yake haikuwa na saratani, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi tu, na mtu wa namna ile anahitaji nguvu ndogo. Alipita mbele yangu kuingia kwenye chumba cha kuta nene, akanisalimia kwa heshima, "Pole sana, dada." Nilimwonea kijicho mwanamke yule, sisemi uongo. Nilimwitikia huku meno yameumana.

Daktari akaagiza kasha jingine. Akanishika mapigo ya moyo, uso ukamkunjamana. Akasema naweza kuvumilia bila vidonge muda mfupi zaidi, mfupi kweli, maana moyo nao unachoka. Kasha lijalo likiingia moja kwa moja, tutawahi.

Likiingia moja kwa moja. Nilipomfikishia wifi maneno hayo alikuwa anamenya viazi, na kisu kikasimama.

"Halitaingia," akasema.

"Si walishalitoa la kwanza?"

"Walilitoa kwa ruhusa ya mara moja. Ya mzigo ule, basi. Katazo lenyewe lipo pale pale. Sasa hivi ni ushahidi, wifi. Mpaka uchunguzi uishe hakuna anayeruhusiwa kuligusa."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Ugonjwa niliuzoea, kisu nilikizoea. Lakini hiki kilikuwa kitu kisicho na uso, kimekaa mahali kinasubiri kasha langu lifike, na hakina haraka yoyote. Hata hakinichukii. Kimewekwa na mtu anayenipenda, na yeye mwenyewe hawezi kukiondoa.

Tangu siku ile wifi akawa anaamka, anavaa nguo za kazini, anapasi hadi kola, anakwenda kusimama kwenye geti la ofisi yake. Mlinzi aliyekuwa akimpigia saluti kila asubuhi sasa alimwomba asogee kando, magari yapite. Mkuu alimpungia mkono kutoka dirishani kwenye gari mara ya kwanza. Mara ya pili akashusha kioo, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: usijali, dada yangu, jambo lipo mezani, wewe pumzika. Mara ya tatu kioo hakikushuka. Akamwendea wakala amwombee ruhusa nyingine mapema kabla ndege haijafika. Wakala akajibiwa kwamba ruhusa haiombwi kwa mzigo ambao haujafika. Akampigia aliyekalia kiti chake, kijana mpole, mgeni wa kazi. Akamweleza katazo lilipo, ukurasa gani, mstari wa ngapi. Kijana akatazama.

"Naliona, mama," akasema. "Lakini kama lipo, si lina sababu yake?"

Wifi akakata simu akanitazama. Nilimwona akizeeka.

Mume wangu alikuwa safarini na lori. Alipiga simu akatuambia tusikilizane tu, sisi ni watu wazima. Kweli tulisikilizana. Wifi alinifunga mablanketi, akanichemshia maji ya kukanda miguu, akazishona nguo za wateja wangu kwa mshono wake mbovu ambao nilikuja kuufumua kimyakimya. Siku nyingine nilimpenda mpaka machozi. Siku nyingine nikimsikia tu akikohoa chumba cha nyuma nilikuwa nasema moyoni, kwa nini hukukaa kwenye kiti chako ukamaliza kazi yako? Dakika ngapi zile? Kisha nakumbuka hizo dakika nilikuwa nazihitaji pia.

Kasha la pili likashuka. Wakala akatuma ujumbe, na wala sikuhitaji kuusoma, niliuona kwenye uso wa wifi alipoushika. Marufuku. Mkuu akaombwa ruhusa ya mara moja, akasema ile ya kwanza imeshamletea maswali, hii sasa ni ya kamati. Kamati ikakosa akidi. Ikaahirishwa. Sijui kama kuna mtu yeyote pale aliyekuwa mbaya. Kila mmoja, ukimsikiliza, alikuwa na sababu yake nzuri tu, na sababu zote zilikuwa zimenikalia shingoni.

Asubuhi moja nilishindwa kuinua mkasi. Wifi akanipeleka hospitali kwa teksi, kichwa changu begani kwake. Daktari akaweka kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu kuliko siku zote. Akakitoa masikioni, akavuta kiti.

"Leo unaanza vidonge vyako," akasema. "Sina ruhusa ya kukungojesha tena. Moyo ukisimama, hiyo dawa ya mionzi nitampa nani?"

"Kasha lipo," nikasema. Sauti ilikuwa imebaki kama ya mtu anayekwangua sufuria. "Lipo hapo tu uwanja wa ndege, dokta. Siku mbili. Nipe siku mbili."

"Hata likitoka leo, limeshapungua kama lile la kwanza. Tutaanza upya. Utapata nguvu kwanza, miezi kadhaa, tutapima yale mabaki yamefika wapi, kisha utaacha vidonge tena, tutaagiza tena."

Akaandika, akanigusa bega, akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nesi akaleta kidonge kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Wifi akakipokea, akamimina maji kwenye glasi, akaja akapiga magoti kando ya kitanda ili macho yetu yawe sawa. Maji kidogo yakamwagikia shuka.

Kidonge chenyewe kidogo, cheupe, hakina ubaya wowote. Nilijua kitakachotokea nikikimeza. Joto litarudi. Uso utanywea, nitatunga uzi kwenye sindano, nitawasema wateja wasiolipa, na watu wote mtaani watasema nimepona. Na yale mabaki shingoni yatapewa miezi yao.

"Wifi," nikamwambia, "tukianza upya, lile katazo litakuwa limeondoka?"

Angeweza kunidanganya. Mtu mwingine yeyote angenidanganya.

"Sijui. Kijana ataliona kila siku na kuliacha. Baada ya muda litakuwa limekaa sana, hakuna atakayethubutu."

"Na nani anajua kwamba halina sababu?"

"Mkuu. Karatasi niliyosaini iko kwake, kamati haijaisoma."

"Na mwingine?"

"Mimi," akasema, akilia sasa waziwazi, bila kufuta miwani wala uso. "Na wewe, wifi. Mimi na wewe tu."

Nikamshika mkono ule uliotolewa damu, nikaukaza kwa nguvu yote niliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. Nilikuwa bado na hasira naye. Nilikuwa nampenda. Nikafungua mdomo, akaniwekea kidonge kwenye ulimi, nikameza.